Rais aliyepo madarakani apande jukwaani kumnadi mrithi wa chama chake, au akae pembeni?

#1 Mwana wa Dunda

Wakuu, salaam.

Juzi baada ya Magharibi tulikaa kwenye kahawa karibu na soko la samaki hapa Bagamoyo. Mabishano yakawaka mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake akaenda zake. Hoja ilikuwa hii: rais anayemaliza muda wake jina lake halimo kwenye karatasi ya kura. Je, apande jukwaani kumwombea kura yule aliyepitishwa na chama chake?

Mimi nilisema asipande. Sababu yangu naichukua hapo hapo sokoni. Kwenye mnada wa asubuhi dalali anapaza bei, wachuuzi wanapandisha, mwenye mali anasimama pembeni. Siku dalali akiingiza ungo wake mwenyewe katikati ya mali za watu, mnada umeharibika, hata kama samaki wake ni wazima na wanono. Rais wetu ndiye anayeteua Mwenyekiti na wajumbe wa Tume ya Uchaguzi, ibara ya 74 ya Katiba inasema hivyo. Ndiye anayeteua wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya na wakurugenzi wa halmashauri. Akisimama jukwaani akasema "mchagueni huyu", hao wote wamemsikia mkubwa wao anamtaka nani.

Sisemi Katiba inamkataza. Haimkatazi. Nauliza kama inafaa. Leteni hoja.

#2 Nahodha Mstaafu

Umeleta dalali, mimi nakuletea nahodha. Jahazi likiwa kwenye maji ya miamba, nahodha akimwachia mwenzake usukani haendi kulala. Anasimama nyuma yake mpaka wavuke. Rais kwetu ni mwenyekiti wa chama pia. Watu wanataka kusikia kwake: huyu nimefanya naye kazi, namjua, msiwe na hofu. Akinyamaza ndiyo utasikia mitaani, "mbona hata mwenyewe hamtaki?" Kunyamaza kwa mkubwa nako ni kauli, mwanangu.

#3 Kaole Kwetu

Naweka mkeka hapa. Uzi huu utakuwa mrefu.

#4 Bi Nianjema

Mnasahau 1995. Nyerere alizunguka nchi nzima akimnadi Mkapa. Bila yeye Mrema alikuwa anaichukua nchi. Rais alimnadi mrithi, nchi ikatulia, hakuna kilichoharibika. Leo imekuwa dhambi?

#5 Mwalimu wa Zamu

Bi Nianjema, naomba nirekebishe. 1995 Nyerere hakuwa rais. Aliachia urais 1985 na uenyekiti wa CCM akauachia 1990. Rais aliyekuwa anaondoka 1995 ni Mzee Mwinyi. Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8, zilizobaki wakagawana Lipumba na Cheyo.

Silitaji kosa hilo ili kukukosoa, bali kwa sababu linabadilisha mfano wenyewe. Nyerere alipopanda jukwaani 1995 alikuwa na mdomo wake na heshima yake. Hakuwa na mkuu wa mkoa hata mmoja wa kumwondoa kazini kesho yake. Mwana wa Dunda anauliza juu ya mtu mwenye vyote viwili.

#6 Bi Nianjema

Ahsante Mwalimu, mwaka nimekubali. Hoja bado. Mwaka ule marehemu baba yangu alikuwa karani wa duka la ushirika. Alitaka kumpa Mrema, alikuwa ameshaamua na nyumba nzima tunajua. Alimsikia Nyerere redioni, akakaa kimya siku mbili, siku ya tatu akatuambia amebadilisha. Hakutishwa na mkuu wa wilaya, aliguswa na mzee. Sasa mkisema rais asinadi kwa sababu neno lake zito, basi hata wastaafu muwafunge midomo, maana neno la mstaafu anayependwa linamzidi rais aliye kitini.

#7 Mpwani wa Kisauni

Hamjambo jirani. Njooni Kenya mjionee. 2002 Moi alimzungusha Uhuru Kenyatta nchi nzima, akiwa na KANU na serikali mkononi. Wakubwa wa chama wakakasirika, wakahama, Raila akatangaza "Kibaki tosha", na Kibaki akapata kama asilimia 62 dhidi ya 31 za Uhuru. 2022 Uhuru naye ikawa zamu yake kuondoka. Akamwacha naibu wake Ruto, akamnadi Raila. Ruto 50.49, Raila 48.85. Katikati yao yuko Kibaki, ambaye 2013 hakupanda jukwaani kumwombea mtu.

Kwetu sisi kubebwa na rais anayeondoka ni mzigo. Unabeba hasira za watu za miaka kumi, na wala si zako.

#8 Kaole Kwetu

Jirani, mfano wa 2022 haukai sawa. Raila hakuwa wa chama cha Uhuru. Uhuru alikuwa Jubilee, Raila ODM, wakakutana Azimio. Mada inasema mrithi wa chama chake.

#9 Mpwani wa Kisauni

Sawa, muungano wake. Lakini rais ni yule yule, ikulu ni ile ile, na alishindwa. Hilo hulisemi?

#10 Kaole Kwetu

Nyinyi vyama mnabadilisha kama kanga za sikukuu, ndiyo maana mfano wenu unatusumbua. Karibu Bagamoyo tukupe pweza wa nazi, halafu tuendelee.

#11 Minazi ya Mbegani

Mimi naona mnazunguka. Mtu wa Bagamoyo hana haja ya kwenda Kenya kutafuta mfano, tunao hapa hapa.

2015 rais aliyekuwa anaondoka ni Kikwete, mtoto wa nyumbani, mtu wa Msoga. Agosti 23 alikuwepo Jangwani kampeni za Magufuli zilipozinduliwa, na wastaafu Mwinyi na Mkapa walikuwepo. Huku kwetu tulielewa kitu kimoja tu: huyu mpya atamalizia kazi za huyu anayeondoka. Na kazi kubwa kuliko zote ilikuwa bandari mpya ya hapa Bagamoyo. Makubaliano ya kwanza na Wachina yalisainiwa Machi 2013, Rais Xi Jinping alipofika Dar es Salaam. Oman nao wakaingia. Oktoba 2015, siku chache kabla ya kura, Kikwete akaja akaweka jiwe la msingi.

Baada ya hapo mnajua. 2019 Magufuli akasema hadharani kwamba masharti ya mradi ule hayakubaliki kwa mtu mwenye akili zake, na ukasimama. Juni 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yatafufuliwa.

Sasa sibishani kama Magufuli alikuwa sahihi juu ya masharti. Inawezekana kabisa alikuwa sahihi, mimi mkataba sijausoma. Ninachosema ni hiki: ile ahadi inayokuja na rais kumshika mkono mwenzake jukwaani haina karatasi. Mimi niliacha kupanda minazi mipya miaka minne mizima, nikisubiri nijue shamba langu litabaki shamba au litakuwa ghala la makontena. Mnazi ukiupanda leo unasubiri miaka sita, saba ndiyo ule. Hesabu mwenyewe nimepoteza nini. Hakuna aliyenizuia kupanda. Nilijizuia mwenyewe kwa sababu niliamini mkono ule ulioinuliwa.

#12 Mwana wa Dunda

Minazi, hili hukulisema siku ile kwenye kahawa. Lingetubadilishia mazungumzo yote. Pole sana.

#13 Nahodha Mstaafu

Pole kweli. Lakini mfano wako unanisaidia mimi. Umeonyesha kwamba aliyenadiwa hakuwa kibaraka. Wanaoogopa kwamba rais ananadi ili aendelee kutawala kwa mlango wa nyuma, wamuangalie Magufuli baada ya 2015. Alikwenda njia yake.

#14 Msoga Damu

Rekebisho dogo: Msoga ni Chalinze, si Bagamoyo. Kila kitu kizuri mnakivuta kwenu.

#15 Kaole Kwetu

Kihalmashauri Chalinze, kiwilaya Bagamoyo. Tena kabla halmashauri haijagawanywa mlikuwa mnakuja kwetu kutafuta mihuri. Na Mzee mwenyewe alianza ubunge wa kuchaguliwa kwa jimbo la Bagamoyo 1990, Chalinze akahamia 1995.

#16 Msoga Damu

Nimekusikia. Kisima tumechimba wote, maji mnakunywa wenyewe.

#17 Daftari la Kale

Anachosema Nahodha hapo #13 kina mifano mingi kusini mwetu, na ndiyo sababu mimi naamini marais wananadi kwa hofu ya yatakayowapata. Zambia, Chiluba alitaka muhula wa tatu akakwama, akamleta Mwanawasa, 2001 akashinda kwa asilimia kama 29 tu. 2002 Bunge likamwondolea Chiluba kinga ya kutoshtakiwa. Malawi ni hivyo hivyo: Muluzi akakwama muhula wa tatu, akamnadi Bingu wa Mutharika 2004. Februari 2005 Bingu akakihama chama kilichomweka madarakani, akaanzisha chake. Angola, dos Santos akampisha Lourenço 2017, haikupita muda mrefu watoto wa dos Santos wakaanza kuandamwa na mkono wa sheria.

Wote hao walidhani wananunua usingizi wa uzeeni. Ukimwona rais anatoka jasho jukwaani kwa ajili ya mtu mwingine, muulize anachokihofia.

#18 Bi Nianjema

Daftari, unawapima wote kwa kibaba kimoja. Kuna watu wanakipenda chama chao kwelikweli. Mtu amekitumikia miaka arobaini, unataka aone kinaanguka akae anakunywa uji?

#19 Daftari la Kale

Kupenda sikatai. Lakini mpenzi wa chama ana njia nyingi. Kwa nini achague ile inayokwenda na msafara wa magari?

#20 Lori la Lushoto

Hapo kwenye msafara nami nina langu. Miaka fulani ya kampeni nilikuwa nashusha nyanya za Lushoto. Kabla sijafika Chalinze tukasimamishwa, mkubwa anapita. Saa mbili na nusu juani. Sina kinyongo na kusimamishwa, usalama wa rais ni usalama wa nchi. Ila tulipokuwa tumekaa kivulini tukaanza kuulizana: huyu anakwenda wapi? Mmoja akasema ziara ya kazi, anazindua maji. Mwingine akasema mkutano wa kampeni. Kumbe wote walikuwa na haki. Mchana maji, jioni jukwaa la chama. Sasa yale mafuta ya msafara yaliyotumika kutoka kwenye maji kwenda kwenye jukwaa ni ya nani? Nyanya zangu za chini zilikuwa zimeshavuja, lakini swali lile ndilo lililonikaa mpaka leo.

#21 Mpiga Zeze

Lori umegusa penyewe. Marekani sheria inayowakataza watumishi wa serikali kuu kufanya siasa kazini haimhusu rais wala makamu wake. Lakini ndege ya rais ikitumika kwa safari ya kampeni, upande wa kampeni hurudisha sehemu ya gharama. Si zote, maana ulinzi unabaki kwa serikali. Angalau kuna mstari.

Na Brazili Lula alipokuwa rais alitozwa faini na mahakama ya uchaguzi, tena zaidi ya mara moja, kwa kuanza kumnadi Dilma Rousseff kabla ya muda wa kampeni za 2010. Faini alitozwa, na Dilma akashinda.

#22 Kaole Kwetu

Kwa hiyo faini haikusaidia kitu?

#23 Mpiga Zeze

Hilo mimi naliona tofauti. Faini haikuwa ya kumzuia Dilma asishinde. Ilikuwa ya kumwambia rais kwamba kuna mtu anaweza kumwambia hapana. Kwetu Tume ikitangaza matokeo ya urais, ibara ya 41(7) inafunga mlango wa mahakama kuyachunguza. Rais akivuka mpaka kwenye kampeni, nani atamwita?

Halafu kwamba kunadi kunaleta ushindi, hapo mimi sioni kanuni. Obama alimpigia debe sana Hillary Clinton 2016, akashindwa. Gore 2000 alimweka Bill Clinton mbali na kampeni zake, naye hakuipata ikulu. Ghana 2000 Rawlings alimnadi Mills, Kufuor akashinda. 2024 chama cha Akufo-Addo kilimsimamisha makamu wake Bawumia, Mahama akarudi.

#24 Usagara Tanga

Naongezea la nyumbani. Sisi Tanga Mjini 2015 ubunge tuliwapa CUF, wakati rais anayeondoka ni mtu wa Pwani na matokeo ya kitaifa yakaenda CCM, Magufuli asilimia 58.46, Lowassa 39.97. Watu wanajua kuchanganya kura. Msituone kama dagaa, kila wavu unaopita tumo.

#25 Mwali wa Kikwere

Shikamooni nyote. Nimesoma kuanzia juu na naona mnapigania ngoma ya mwisho. Kumnadi jukwaani ni siku ya kumtoa mwali nje. Watu wanaimba, wanatunza, wanapiga vigelegele. Lakini aliyofundwa mwali yamesemwa ndani, na hapo ndani hamkuwepo.

Julai 2015, Dodoma, majina zaidi ya thelathini ya walioomba kupitishwa na CCM yakashuka mpaka matano: Membe, Magufuli, Migiro, January Makamba, Amina Salum Ali. Lowassa hakuwemo, na wengi walidhani ndiye. Kisha wakabaki Magufuli, Migiro na Amina. Mwenyekiti wa vikao vile alikuwa rais aliye kitini. 1995 huyo huyo Kikwete aliongoza duru ya kwanza ndani ya chama, ya pili Mkapa akampita, akasubiri miaka kumi. Kilichoamua ni chumba.

Kwa hiyo hata mkimfunga rais mdomo kuanzia Agosti mpaka siku ya kura, mmeshachelewa. Mimi ningependa tuulize rais akae wapi wakati majina yanakatwa. Hilo la jukwaani nawaachieni.

#26 Nahodha Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umesema neno zito. Lakini chama ni nyumba ya watu. Utamwambiaje mwenye nyumba asiingie chumbani kwake?

#27 Mwali wa Kikwere

Nyumba ya watu, babu, lakini anayetoka humo anatutawala sote, hata tusio wanachama.

#28 Diko la Asubuhi

Kwenye diko letu mwenyekiti wa kikundi cha ufukweni alimaliza vipindi vyake. Alikuwa mtu mzuri, nasema bila kusita. Wiki ya uchaguzi akapita kwenye kila ngalawa akisema chagueni fulani. Huyo fulani alikuwa anafaa. Tukamchagua. Lakini daftari la ushuru na makasha ya barafu vilikuwa bado kwa mwenyekiti wa zamani wakati anapita kuomba, na wavuvi wawili waliokuwa upande mwingine barafu walipewa mwisho wiki nzima. Labda ilikuwa bahati mbaya. Mpaka leo hawaamini. Yule mpya anafanya kazi vizuri na bado wale wawili hawaji mkutanoni.

Ndiyo maana nipo na Mwana wa Dunda. Aachie barafu kwanza, halafu aje kwenye ngalawa yangu aseme anayemtaka. Nitamsikiliza kwa adabu zote.

#29 Mwana wa Dunda

Diko, umenifanya nirudi nyuma kidogo. Nilisema asipande kabisa. Sasa naona mdomo wake si tatizo langu. Tatizo langu ni mizani kubaki mkononi mwake wakati anasema. Lakini sioni namna ya kuachia: hatutarajii ajiuzulu Agosti, nchi haikai bila rais, na Katiba inamwacha kitini mpaka mrithi aape.

#30 Bi Nianjema

Basi tusubiri 2030 tuone, maana kipo kijiti kingine cha kukabidhiwa.

Na mnalisahau la Liberia. 2017 Ellen Johnson Sirleaf alituhumiwa na chama chake kwamba hakumbeba makamu wake, Boakai. Boakai akashindwa na Weah, na Januari 2018 chama kikamfukuza yule mama uanachama. Mkae pembeni mkae jukwaani, lawama iko pale pale.

#31 Daftari la Kale

Na Boakai akashinda mwenyewe 2023, bila kubebwa.

#32 Mwalimu wa Zamu

Ngoja niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali. 2015 nilikuwa msimamizi wa kituo, katika shule ya msingi hapa wilayani. Usiku wa kuamkia Oktoba 25 tulikuwa tunapanga madawati kwenye chumba cha mapokezi. Ukutani kulikuwa na picha ya Rais, kama kwenye ofisi yoyote ya umma. Karani wangu, binti mdogo, akaniuliza: "Mwalimu, hii inabaki?"

Nikamjibu inabaki, yeye si mgombea. Akaniambia, "Lakini nilimwona wiki iliyopita anamwombea mtu kura."

Nilikaa na swali lile kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa mbao. Kama angekuwa hajapanda jukwaani, picha ile ingekuwa picha ya nchi. Kwa kuwa alipanda, sikujua tena ni picha ya nini. Kuishusha, mtu angesema mwalimu ameshusha picha ya Rais, na hilo peke yake lingetosha kunipeleka mahali. Kuiacha, mpiga kura wa upinzani angeingia, anatia alama huku anatazamwa. Mwongozo niliokuwa nao mkononi ulinieleza mambo ya mabango na fulana za wagombea. Juu ya picha ile haukuniambia neno.

#33 Lori la Lushoto

Mwalimu usituache hapo. Ulifanyaje?

#34 Minazi ya Mbegani

Mimi ningeiacha. Rais ni rais mpaka dakika ya mwisho.

#35 Diko la Asubuhi

Mimi ningeifunika na kanga ya mke wangu kisha nikimbilie Pangani. Mwalimu, sema basi.

#36 Mwalimu wa Zamu

Samahani, nilikwenda kuswali. Tulihamisha kituo, ndani ya shule ile ile. Saa tano usiku, mimi na yule binti na mlinzi, tukabeba masanduku na vituturi mpaka darasa la tatu, tukabandika upya mishale ya kuelekeza watu. Kule ukutani palikuwa na ramani ya Afrika tu, na jedwali la kuzidisha.